Saa Sita Usiku, Mkomani

Juu, shati jeupe lililopigwa pasi.
Chini, leso ya mama iliyochujuka:
kamera haifiki kiunoni.
Nimepanda darini, ndiko mtandao uliko,
kompyuta nimeiegemeza kwenye ndoo niliyoipindua,
na huko kwao mchana, ndio kwanza wametoka kula.

Watatu. Wananitazama kama picha ya eksirei.
"Daktari Mwanasiti Famau"
(wamelitamka vibaya, lakini lote)
"miaka hii miwili tangu uhitimu,
umekuwa wapi?"

Nimekuwa hapa.
Nilisoma miaka sita Harbin, baridi ya kupasua midomo,
nikajifunza kumuuliza mgonjwa panapomuuma
kwa lugha ambayo mama hajawahi kuisikia.
Nikarudi na shahada yenye mhuri mwekundu;
Nairobi wakaigeuza mbele na nyuma
kama noti ya shaka.
Nikafanya mitihani yenu, nikapita.
Nikaomba hospitali mia moja na kumi na mbili,
na kila ombi lina ada.
Mlango ambao baba aliuchonga miezi tisa, uwe wetu,
uko Shela sasa, kwa Mtaliano.
Fundi wa milango analala nyumba ya pazia.

Hayo siyasemi.
Nasema: nimejitolea. Nimesoma. Nimekua.

Na hapo ndipo punda wa Kupi alipolia.
Si kilio cha mara moja. Kilianzia chini uchochoroni,
kikapanda kama pampu ya kisima kikavu,
kikakatika, kikarudi na nduguze.
Daktari wa katikati akavua miwani.
"Samahani, hiyo ni king'ora? Uko salama?"

"Ni punda," nikasema. "Ana kikohozi cha zamani.
Ila yeye ana daktari. Punda wa mji huu
wana hospitali yao, na hawaombi nafasi."

Wakacheka. Wawili walicheka.
Wa tatu akainama, akaandika kitu.

Tangu usiku ule naishi
ndani ya kitu hicho alichoandika.

Kila alfajiri baba ana neno moja tu:
"Yeo?"
"Bado, baba."
Anachukua patasi, anashuka kwenda kuchonga
mlango wa mtu mwingine.

Bi Mwanatumu wa Langoni haulizi nilihitimu wapi
wala nani amenipokea, nani amenikataa.
Anakaa barazani, anakunja mkono wa buibui,
ananinyooshea mkono wenye hina iliyofifia
kabla sijamaliza kutazama simu.
Natia mpira hewa. Nasikiliza. Naachia polepole.
Mia na sabini kwa mia na tano.
"Bibi, hii si ya kungoja. Twende hospitali kuu sasa hivi."
"Na wewe utanitibu huko?"
"Nitakusindikiza."

Kwenye karatasi ya daftari naandika
jina lake, tarehe, saa, kipimo,
mkono upi.

Mahali pa sahihi
naacha wazi.