Upande wa Pili

Bati jembamba, unene wa ukucha;
juu yake mchukuzi wa mawe,
kimo chake kidole gumba.

Hana tumbo. Nampa kwa rangi:
kahawia, kisha kahawia yenye tone la buluu
chini ya mbavu, kikoi kinapojikunja.
Weusi mtupu haufai, humtoboa mtu.

Nilijifunza kichochoroni, Mkomani ya Lamu, saa sita,
jua likipita upesi kama mdaiwa mbele ya duka:
ukuta mmoja chokaa inawaka,
wa pili umetulia, rangi ya maji ya kisima.

Shekue akamgeuza.
"Baba, mbona huku nako jua li kushoto?"

Kweli. Masikini, nimemtwika majua mawili
na jiwe lake bado begani.
Nalowesha kitambaa tapentaini,
nalizima moja.