Chotara

Chuma namba tatu cha marehemu Magnus
hakisamehe: ukikosea kwa unywele
kinakuuma hadi kiwiko.
Ishbel Gunn amekibeba miaka tisa,
akikitetea kuliko alivyomtetea mwenyewe.

Leo, shimo la saba,
upepo wa Caithness unakata masikio,
mpira umezama nyasini.
Mkwewe Torquil anampa chotara:
tumbo la mbao, uso wa chuma.

"Si ndege, si mnyama. Popo huyu."

Anapiga hata hivyo.
Nyasi zinaachia. Mpira unapaa,
unatua grini, unakaa
kama mgeni aliyeambiwa karibu.

"Mara moja si ushahidi," anasema,
anakipangusa kile chuma kisicho na tope,
anakirudisha mkobani.

Shimo la nane
ananyoosha mkono nyuma, bila kugeuka.