Ulimi Juu ya Jiwe

Wiki ya pili ya mvua kubwa, Songhor.
Njia ya trekta za miwa imegeuka uji
na watu wanakuja kwa miguu, na mawe yao.

Hawaamini kwamba tunalipwa kuchekecha udongo
tukitafuta meno madogo kuliko punje ya mtama.
Kwa hivyo wanatuletea makubwa:
yai la joka kutoka Chemelil,
matope tu, yaliyojiviringa tabaka juu ya tabaka
kama tonge la ugali kiganjani;
unyayo wa mtoto kutoka Kibigori, vidole sita;
fuvu ambalo macho yake yalichimbwa na matone.
Jepkemei alileta ini la ng'ombe.
Lilikuwa ini kwa rangi, kwa mkunjo, hata kwa uzito,
mpaka nikaligeuza.

Kazi yangu ni kusema hapana.
Nimejifunza kuisema taratibu,
kama mtu anayerudisha sahani ya jirani
bila kitu ndani.

Jumanne akaja Ougo, mkata miwa,
masizi ya shamba lililochomwa bado yako kwenye nyusi.
Akafungua leso ya mkewe mezani.
Bamba la chokaa la Koru,
na juu yake kangaga:
shina, tawi, kitawi, kijitawi,
jeusi, jembamba,
limelala kana kwamba lilibanwa jana
kati ya kurasa za Biblia.

"Hii," alisema, "ni karo ya mihula mitatu."

Nikalipangusa. Nikalilamba.
Ndivyo tufanyavyo: mfupa wa kale una vitundu,
huung'ang'ania ulimi
kama mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa.
Jiwe tupu hukuacha uende zako.
Najua, jani halina mfupa.
Nililamba kwa mazoea, au ili nipate muda.

Likaniacha.

Nikamweleza: maji yalipita kwenye ufa
yamebeba manganisi, weusi kama wa tako la sufuria,
yakaenda yalikopata upenyo,
yakagawanyika, yakagawanyika tena,
kama wino ulioangukia daftari lililolowa.
Hapakuwa na mbegu. Hapakuwa na kivuli.
Hakuna mdudu aliyewahi kutua hapa.

"Lakini ni kangaga."
Ndiyo.
"Na si kangaga."
Ndiyo.
Methali ya king'aacho ikanifika mdomoni,
nikaimeza. Hiyo tuwaachie wachimbaji wa Kakamega.

Mvua ikapiga turubai. Akangoja ipungue,
kisha akauliza jambo ambalo sijaulizwa
miaka kumi na mmoja ya kulamba mawe:
"Kwa hivyo humu hakuna aliyekufa?"
Hakuna.
"Hata jani?"
Hata jani.

Akalifunga tena lesoni, mafundo mawili,
polepole kuliko alivyolifungua,
akalipakata kifuani, akatoka nalo mvuani.
Nilidhani angelitupa mtaroni.
Ni Jepkemei aliyeniambia, siku nyingine kabisa,
tukingojea mtungi ujae,
kwamba kando ya nyumba ya Ougo kuna kaburi fupi,
udongo wake haujashuka bado,
na juu yake pamewekwa jiwe lenye maua.
Si maua, nilitaka kusema.
Mtungi ukafurika.

Usiku ule wa Jumanne mvua ilivuja chumbani mwangu.
Kwenye dari doa la kahawia
liliota pua, kisha shavu,
kisha kitambaa cha mama
kama alivyokifunga Jumapili, fundo upande wa kushoto.
Ni maji, najua. Ni kutu ya mabati.
Nikasukuma karai chini yake
na kazi yangu ikiwa tayari kwenye ulimi,
nikazima taa
kabla hajaanza kukauka.