Uzi Nisioununua

Kioo hiki nilikipata mnadani,
hoteli ya Waitaliano ilipofungwa kule Casuarina:
lita arobaini, taa yake, pampu inayokohoa,
na samaki wawili wa milia
ambao dalali aliwatupia juu, bure,
kama mwuza nguo anavyotupia vifungo.

Nikakiweka dukani Barani, kati ya cherehani na dirisha,
mteja anayengoja pindo apate cha kutazama.

Mwezi wa kwanza maji hayakuonekana.
Mwezi wa pili nikaona uzi.
Mmoja, wa kijani, umeshika jiwe kwa ncha,
unayumba kama uliosahauliwa na sindano.
Nikasema, uache, ni pambo.

Kumbe uzi huzaa. Hilo, ufundi wangu wote, sikulijua.
Wiki mbili, jiwe limevaa sufu,
bomba limevaa sufu,
kioo kimeota utelezi wa kahawia,
na harufu: shati lililorowekwa
likasahaulika ndooni.

Ushauri haukukosekana. Malindi haina njaa ya mabingwa.
"Tia Jiki, kifuniko kimoja," alisema muuza mkaa.
Bi Mwanakheri alisema ni jicho.
Kadzo, mwanagenzi wangu, hakusema neno,
alikuwa anapiga pasi kola.

Mimi nikafumua. Ndiyo kazi niijuayo:
mshono ukienda upande, unafumua.
Nikasugua kwa mswaki, nikavuta nyuzi kwa kibanio,
nikajaza bakuli zima, nikalala mshindi.
Siku ya nne, mshono uleule, palepale.

Basi nikamwaga nusu, nikashuka pwani na ndoo.
Ilikuwa Mei. Sabaki umeteremka na udongo wa bara,
bahari yetu yote rangi ya chai ya maziwa.
Nikachota hiyohiyo.
Mgonjwa nikamletea ugonjwa kwa ndoo.

Asubuhi mmoja alikuwa ubavu juu.
Nilimfunga katika poplini nyeupe,
kipande kilichobaki kwenye kanzu ya bwana harusi.

Ndipo Kadzo akasema, macho yake kwenye kola:
"Mimi huwapa chembe za mahamri. Asubuhi tu."
Tukaanza kuhesabu.
Kadzo, asubuhi.
Mimi saa nne, na tena kabla sijafunga duka.
Mjukuu wa Bi Mwanakheri, biskuti, kila atokapo chuoni.
Wateja, mmoja mmoja, ncha ya kidole,
kwani samaki hukujia kiooni amefunua kinywa,
na nani amnyime aombaye bila sauti?
Haba na haba.
Kibaba kikajaa kweli; hatukuuliza kimejaa nini.

Sasa dirisha lina pazia, khaki nzito ya sare za shule.
Taa saa sita, basi.
Chembe tatu, leo ndiyo, kesho la.
Maji huniletea Kahindi kwa pikipiki kutoka Mayungu,
amechota bamvua likijaa, mbali na tope la mto.
Kila Ijumaa natoa ndoo moja, natia ndoo moja.
Yanayopungua kwa joto nafidia kwa maji ya mvua,
kwani maji hupaa, chumvi hubaki,
kama deni.
Nimewaajiri konokono watatu, wavivu lakini waaminifu,
na kaa mmoja anayeishi nyumba ya kupanga, kama mimi.

Kadzo ameandika kwa chaki ya kukatia nguo: MSILISHE.
Wengine wanakasirika.
Juzi mama mmoja wa Shela aliniita bahili
mbele ya watu, gauni lake likiwa bado mkononi mwangu.

Sikumjibu. Nyuma ya pampu umebaki uzi mmoja.
Naujua ulipo. Siuvuti.
Na yule samaki aliyesalia anakuja kiooni,
anafunua kinywa, anafumba, anafunua,
nami nakanyaga cherehani,
mikono yote miwili juu ya kitambaa.