Swali la Kumi na Saba

Karatasi ilifika Tanga ndani ya bahasha ya kaki,
maswali ishirini na moja, kila swali na visanduku vinne.
Daktari Shemhilu akaniambia:
"Mwanamkasi, wewe mtoto wa Ngamiani,
igeuze iseme na watu."
Nikaketi Barabara ya Kumi na Mbili, feni imekufa,
nikamaliza la kwanza chai haijapoa.
La kumi na saba likaninyima usingizi:
*Je, umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda?*

Nikalipeleka Ngomeni, kambini,
kwa Bi Nyamvula, aliyesimama kwenye brashi
miaka thelathini, kifua kikashiba vumbi la mkonge.
Alilisikiliza kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani.
"Mwanangu, nani aliwahi kuniuliza napenda nini?
Anza na hilo.
Huwezi kutafuta kilichopotea hujakijua jina."
Hapakuwa na kisanduku chake.

Nikashuka stoo ya hospitali,
mchwa wamenitangulia kusoma.
Enzi ya Mwingereza, wino wa zambarau:
*Mwanamke. Mdigo. Umri wa kati. Jina,* kisha mstari mtupu.
*Analia usiku. Mume asema zamani alikuwa mtiifu.*
Aliyeulizwa ni mume, aliyejibu ni mume,
dole gumba pale chini ni la mume.
Mtoto aliyezikwa wiki ileile
ametajwa pembeni, kwa kalamu ya risasi,
kama bei ya chumvi.

Faili la pili: bwana mmoja alikuja kupima akili za manamba,
vipande vya mbao mezani, vyekundu na vyeupe,
saa mkononi: panga kama pichani, upesi!
Likwata, Mmakonde, akaokota kimoja,
akakinusa,
akauliza ni mti gani.
*Alama: sifuri. Akili ya mtoto.*
Swali lake hakulijibu mtu.
Mimi pia sijui ulikuwa mti gani.

Halafu wale wasichana wa bweni,
walioanguka darasani mmoja baada ya mwingine
kama nguo zinazodondoka kambani.
Mtaani wakasema mapepo.
Mtaalamu akasema histeria,
neno ambalo, tulifundishwa chuoni, mzizi wake ni mji wa uzazi,
kana kwamba tumbo lina mdomo wa kupiga kelele.
Na mwalimu aliyekuwa akiwaita ofisini jioni,
mmoja mmoja, na madaftari yao,
akapandishwa cheo, akahamishwa.
Hilo nalo limo failini. Limebanwa kwa pini.

Ningeweza kuishia hapo, nikawasuta wafu.
Wafu hawajibu, ni raha kuwasuta.
Lakini faili la nne lina mwandiko wangu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini:
mama wa Kimbugu, ameteremshwa kutoka milimani
na shemeji yake na kuku wawili wa nauli.
Alinisemesha kwa lugha ya kwao, polepole,
kama anayemlisha mgonjwa uji.
Nami, mwenye cheti, mwenye kitambulisho shingoni,
niliandika: *Hashirikiani. Haeleweki.*
Sikuandika na nani.

Juzi nilirudi Ngomeni bila bahasha.
Bi Nyamvula alikuwa amelifikiria lile swali.
"Nilipenda kulala mchana mvua ikipiga bati,
pasiwe na mtu wa kuniuliza kimepikwa nini.
Nilipata mara mbili. Ya pili nilikuwa na homa."
Akacheka mpaka akakohoa.

Nimechora kisanduku cha tano.
Daktari anasema hesabu itaharibika,
wenye karatasi yao hawatakubali.
Nimekichora pembeni hata hivyo, kwa kalamu ya risasi,
mkono ukitetemeka, maana pembeni pale
nilishapaona.

Nilipoinuka kuaga, akanishika kiganja.
"Na wewe, Mwanamkasi? La kumi na saba?"
Basi la Tanga likapiga honi barabarani.
Nikasema nimechelewa.