Maziwa ya Ndama

Mashine yetu ya kutenga malai ina kengele ndogo.
Ukizungusha mpini polepole inalia, ti, ti, ti;
ukifikia mwendo wake, inanyamaza.
Mama mkwe, Ragnhild, ndiye aliyenifundisha
kiangazi changu cha kwanza huku mlimani Storlia,
ambako theluji ya mabondeni haiyeyuki hata Julai.
"Usisikilize kelele," alisema. "Sikiliza inapokoma."

Mashine ina midomo miwili.
Wa juu hutoa malai, mazito, manjano kama nta.
Wa chini hutoa kilichobaki,
cheupe, chenye ubuluu ukikiinua kwenye mwanga.
Malai yalishuka kiwandani, kwa mizani na risiti.
Ya buluu yalikuwa ya nguruwe,
na ya nyumba ya sala, Jumapili ya kwanza ya mwezi,
ndoo moja, kwa kahawa ya waumini.
Hakuna aliyelalamika.
Torleiv mhubiri alinibariki
akiwa ameikumbatia ndoo ile kwa mikono miwili.

Zaburi nilizijua kwa moyo.
Ndivyo watu husema: kwa moyo.

Na nikikamua, nilisali hivi:
Baba yetu uliye mbinguni (Stjerna lita tisa)
jina lako litukuzwe (bei imeshuka tena)
ufalme wako uje
(lakini si kabla nyasi hazijakauka).
Amina ilinitangulia,
nikaikuta mlangoni, imeshavaa koti.

Mwezi wa sita Stjerna alikufa akizaa.
Akaacha ndama, magoti yakimtetemeka,
nami nikamnywesha ya buluu.
Alininyonya vidole, akanitazama, akakonda.
Siku ya nne Ragnhild, ambaye macho yalikuwa yakimwacha,
alimpapasa mbavu moja moja.
"Huyu unampa nini?"
"Maziwa."
"Maziwa gani?"
Nikajifanya nafunga mlango.

Usiku nilimpelekea ndoo mpya,
yenye joto la kiwele, yenye povu, isiyopita mashineni.
Aliigonga kwa paji la uso,
akanywa hadi kitako cha ndoo kikalia,
akainuka na ndevu nyeupe kama mzee wa kanisa.
Nilicheka.
Kisha kicheko kikanisimama kooni.

Miaka kumi na tisa.
Ndoo ngapi hizo?
Mimi, mwenye kuhesabu kila kitu, sikutaka kuhesabu.

Si kwamba Mungu alikuwa na njaa.
Hakuwahi kukonda.
Aliyekonda ni mimi.

Hapakuwa na radi, wala sauti.
Palikuwa na harufu ya samadi,
na ulimi wa ndama, mkavu kama msasa, ukinitafuta mkono.

Agosti nilibeba ndoo nzima, malai na yote, hadi nyumba ya sala.
Hakuna aliyegundua, ila Oddny,
aliyekunja uso juu ya kikombe na kuuliza nani kabadilisha kahawa.

Lakini ndoo ilikuwa kazi rahisi.
Ndoo ina mpini.
Moyo unaushika wapi?

Siku hizi nasali mstari mmoja;
nikijikamata nahesabu, narudi mwanzo.
Kuna asubuhi ninazomaliza ng'ombe wote sita
na bado niko kwenye "Baba".
Lakini ni "Baba" nzima.
Kuna asubuhi nyingine ninaengua hata toba yangu,
malai ya juu yaonekane na watu,
kisha nabaki na aibu, ya buluu, ya kutosha nguruwe.

Ndama sasa ni ng'ombe mkubwa, mkaidi kuliko mama yake.
Maziwa yake siyahesabu.
Uongo. Nayahesabu:
jana lita kumi na moja.

Ragnhild tumemzika mwezi wa pili, ardhi ikiwa jiwe.
Mashine imebaki kwangu.
Leo alfajiri kengele imelia muda mrefu,
mrefu kuliko jana,
nami sijauachia mpini.