Langilangi ya Micheweni

Kwenye kopo la maziwa
mche nilichaguliwa,
jani moja limeliwa,
jingine li mashakani.

Faki wa Konde kasema,
"Langilangi hii njema;
ukiipanda mapema,
mwaka wa tatu nyweleni!"

Nikachimba Ijumaa,
mwamba ukanikataa,
nikajaza kwa dagaa
na samadi ya zizini.

Maji ya mchele yote
yake; mbuzi asipite;
kuku, bata, wafuate
njia yao ya jaani.

Mwaka wa tatu, wa nne,
jani mwana wa jingine,
ua hata nisione,
wala harufu puani.

Shaame kila akija
huanza na yake hoja:
"Papai, mwaka mmoja,
lingekuwa sahanini.

Huu wako hauliki,
haujengi, haupiki,
dishi nalo halishiki,
magoli ni kwa jirani."

Bi Mize akanivuta
mkono, kwenye ukuta:
"Mwanangu, mti waita
wageni wa usikuni."

"Na waje," nikamjibu,
"pua zao wajaribu;
miye imenipa tabu
kuinusa mlangoni."

Wa saba, na msumeno,
Shaame, bila ya neno,
akakunja na mikono,
akasimama shinani.

Nikamwambia, "Kichwa tu
kata; usiguse katu
shina, lina jasho letu
na dagaa wa shimoni."

Akapanda; kikashuka.
Tawi moja nikashika:
kumbe lilishachanuka,
kijani kwenye kijani!

Maua yenye vidole,
mabichi tele kwa tele;
yaliyoiva ni yale
manjano, wekundu ndani.

Yakinuka huko juu,
popo wala sikukuu,
nami na yangu makuu
nangojea mkekani.

Matawi yameinama,
alfajiri nachuma.
Bi Mize huja mapema
kutaka ya kikubani.

"Wageni," namuuliza,
"hawajaja?" Hunyamaza,
uzi akiulegeza,
akitunga asmini.

Shaame? Dishi lashika.
Jana natandika shuka,
ua lililonyauka
lipo mwake foronyani.

Nikalirudisha papo.
Mpapai wake upo:
u katika lile kopo
la maziwa, barazani.